China nani khasa anashika jeshi, serikali au chama?

mtoto_wa_machomane:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba msaada wenu, hapa barazani kwetu Chake tumebishana jambo hili toka Ijumaa na kila mtu kashika lake. Taarifa ya habari ilionesha mkutano wa Xi Jinping, mara anaitwa Rais, mara Katibu Mkuu, mara Mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, na ni mtu huyohuyo mmoja. Jamaa mmoja akasema urais ndo mkubwa kama kwengine kote, jeshi lipo kwa Waziri wa Ulinzi, waziri yupo kwa rais, basi kwisha. Mie nikamwambia nchi ya chama kimoja cha kikomunisti haiendi ivo.

Sasa nauliza: jeshi la China ni la serikali au la chama? Na kama ni la chama huyo Waziri wa Ulinzi kazi yake nini? Na bunge lao je? Nnataka mtu anayeyajua aeleze kinaga ubaga, sio kukopi na kupesti. Madaktari wa Kichina wako hapa Mkoani miaka na miaka wanatutibu, tunakutana nao mpaka sokoni, lakini nchi yao inavyoendeshwa hatuijui na hilo mie linanisumbua kweli.

Maalim_wa_Mtoni:
Waalaykum salaam mwanangu. Suala zuri sana, na mie nimesomesha historia skuli kwa hiyo nikubalie niende taratibu.

Jeshi ni la chama, na imeandikwa kwenye katiba ya chama chenyewe kwamba Chama cha Kikomunisti kina uongozi kamili juu ya Jeshi la Ukombozi la Umma. Ukitaka kujua kwa nini angalia tarehe. Chama kimeanzishwa Shanghai 1921. Jeshi wanalihesabu limezaliwa 1 Agosti 1927, siku ya uasi wa Nanchang. Jamhuri ya Watu wa China imetangazwa na Mao, kiongozi wa chama, 1 Oktoba 1949. Yaani jeshi limeitangulia dola kwa miaka 22! Chama kikaunda jeshi, jeshi likapigana likashinda, halafu ndo chama kikakaa chini kuunda serikali. Sasa serikali iliyokuja mwisho itamiliki vipi jeshi lililokuwepo kabla yake?

Upande wa chama unakwenda hivi. Kila miaka 5 kuna mkutano mkuu, wa mwisho ulikuwa Oktoba 2022, wajumbe elfu mbili na ushei. Wanachagua Kamati Kuu, safari ile walikuwa 205 wenye kura. Sie tuliozoea mambo ya CCM tusichanganyikiwe hapa, hiyo Kamati Kuu ya kwao kwa ukubwa wake ni kama Halmashauri Kuu yetu. Ndani yake ilitoka Politburo, yaani kamati ya siasa ya viongozi wakuu wa chama, ya watu 24, na ndani ya hao 24 wakatoka 7 wa Kamati ya Kudumu, na hao 7 mwanangu ndo wanaoiendesha nchi. Waziri Mkuu Li Qiang ni mmoja wao, anashika nafasi ya pili. Serikali yake, wanaiita Baraza la Serikali, inashughulika na uchumi, mahospitali, mabarabara, skuli. Bunge lina watu karibu 3000 na linakutana kikao kikubwa kila Machi kwa siku chache tu, halafu wanarudi makwao. Machi 2018 lilipoletewa suala la kuondosha ukomo wa mihula miwili ya rais, kura za ndio 2,958, za hapana 2. Ukiziona namba hizo ushafahamu kwamba jambo lilishaamuliwa pahala pengine kabla ya kufika pale.

Na mikoani ni vilevile. Kila jimbo lina gavana na lina katibu wa chama, na katibu ndo mkubwa. Mgeni anapokewa na gavana, maamuzi anayo katibu.

Haya mambo sie watu wazima wa hapa hayatushangazi. Januari 1984 mzee Aboud Jumbe alikuwa Rais wa Zanzibar na Makamo wa Rais wa Muungano, na uongozi wake umekwishia wapi? Dodoma, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya chama. Baraza la Wawakilishi lilikuwepo lakini jambo lile halikuamuliwa humo. Na Mwalimu Nyerere alipomwachia mzee Mwinyi urais 1985 aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM mpaka 1990. Hatukuwa nchi ya kikomunisti, lakini chama kushika hatamu tumekuona kwa macho.

Ukhti_Kikwajuni:
Maalim umesema, Allah akuzidishie. Naongeza upande wa jeshi wenyewe maana ndo kaka yetu wa Machomane anaoutaka, na mie hapa ndo pananivutia khasa.

Tume ya Kijeshi, yaani chombo chenyewe kinachoamrisha jeshi, zipo mbili. Moja ya chama, moja ya dola, hii ya dola imeletwa na katiba ya 1982. Lakini watu ni walewale, mwenyekiti yuleyule. Za karatasini mbili, kiuhalisia moja. Wanaotaka kusema kwamba dola ina jeshi wanaoneshwa ile ya pili.

Waziri wa Ulinzi yupo kwenye Baraza la Serikali na kazi yake kubwa ni kupokea wageni wa kijeshi, kwenda mikutano ya nje, kusaini makubaliano. Kikosi hana cha kukiamrisha. Oktoba 2023 Li Shangfu kaondoshwa uwaziri, nafasi ikakaa tupu mpaka mwisho wa Disemba alipoteuliwa Dong Jun kutoka jeshi la majini. Miezi miwili nchi yenye wanajeshi milioni 2 haina Waziri wa Ulinzi na hakuna kilichosimama, kwa sababu amri hazipiti kwake. Amri zinatoka kwa mwenyekiti wa Tume, zinakwenda kwenye kamandi 5 za kanda, Mashariki, Kusini, Magharibi, Kaskazini na Kati, zilizoundwa 2016 badala ya mikoa 7 ya kijeshi ya zamani. Hata polisi wao wenye silaha nzito, walikuwa wanapokea amri pande mbili, serikali na Tume, toka 1 Januari 2018 wamewekwa kwa Tume peke yake. Serikali za majimbo haziwezi tena kuwaita zikitaka.

Lakini jamani tusiishie huko juu, huko juu kila mtu anakuona. Chama kinalishika jeshi kwa huku chini. Chukua kombania moja, askari mia na kitu. Nchi nyengine kombania ina mkuu mmoja amri yake moja. China kombania ina wawili wenye cheo sawa, kuna mkuu wa kombania na kuna mwalimu wa siasa. Mkuu anashughulika na mazoezi na silaha. Mwenziwe anasimamia tawi la chama humo ndani, masomo ya siasa, nidhamu, nani apandishwe cheo, nani apewe kadi ya chama, askari gani ana matatizo nyumbani kwao kijijini na moyo wake umeanza kuhama. Ukipanda juu, rejimenti mpaka kamandi nzima ya kanda, huyo wa pili anaitwa kamisaa wa siasa, na jambo kubwa linaamuliwa na kamati ya chama ya kikosi, sio na kamanda peke yake. Utaratibu wa kuweka tawi la chama kila kombania Mao kauanzisha Septemba 1927 kijijini Sanwan, jeshi likiwa limepigwa vibaya na watu wanatoroka usiku. Mkutano wa chama jeshini uliofanyika Gutian Disemba 1929 ukauthibitisha kabisa.

Kwa hiyo jenerali akitaka kufanya lake atalifanya na nani? Mwenziwe wa meza ya pili anaripoti kwa chama, na maofisa wake wote ni wanachama.

mtoto_wa_machomane:
Wallahi mmenifungua macho, dada na Maalim ahsanteni sana. Ile ya Waziri wa Ulinzi naipeleka barazani leoleo. Lakini mmenizidishia suala. Mnasema chama kina Katibu Mkuu na pia kina Mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, je ikiwa ni watu wawili mbalimbali na wamegombana, nani anamshinda mwenziwe? Na nchi zote za kikomunisti zinakwenda ivo au ni China tu?

Mpemba_wa_Wete:
Hilo la nchi nyengine ntalijibu mie. Hazifanani, msingi mmoja lakini kila nchi kapanga nyumba yake anavyotaka.

Vietnam wanagawa vyeo. Kuna Katibu Mkuu, Rais, Waziri Mkuu na Mwenyekiti wa Bunge, vyeo vinne. Rais kwa katiba ndo amiri jeshi mkuu, lakini kamati ya chama inayosimamia jeshi katibu wake ni Katibu Mkuu wa chama. Na Waziri wao wa Ulinzi ni mtu mzito, Phan Văn Giang yumo kwenye Politburo, sio wa kupokea wageni tu kama wa China. Cuba uwaziri wa majeshi ulikuwa ndo roho yenyewe, Raúl Castro kaukalia toka 1959 mpaka 2008. Urusi ya Kisoveti walikuwa na makamisaa toka vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini Oktoba 1942 vita vya Wajerumani vimepamba moto wakaona amri mbili zinachelewesha, wakampa kamanda amri peke yake, mtu wa siasa akawa msaidizi wake. China hawajafanya hivyo mpaka leo.

Na Wajerumani Mashariki, hawa waliotujengea fleti za Kikwajuni baada ya Mapinduzi, wao walikuwa na Baraza la Ulinzi la Taifa toka 1960. Kiongozi wao Honecker kashika chama 1971 na Baraza la Ulinzi mwaka huohuo. Uwenyekiti wa Baraza la Dola, yaani ukuu wa nchi wenyewe, kaupata 1976. Miaka mitano hakuwa mkuu wa nchi na hakuna aliyekuwa na shaka nani mkubwa.

Mie nna langu pia la kusema. Utaratibu huu siupendi. Enzi ya chama kimoja hapa kwetu jeshini kulikuwa na matawi ya chama, na makamisaa wa siasa tulikuwa nao, wazee waliotumikia wanajua. Vyama vingi vilipokuja 1992 katiba ya Muungano ikakataza askari kuwa mwanachama wa chama chochote, kura anapiga lakini kadi hachukui. Hilo ni jambo kubwa sana na vijana wajue limetoka wapi. Askari akila kiapo kwa chama, siku chama na wananchi wakikosana yeye anasimama upande gani? Lazima tuliulize suala hili.

Maalim_wa_Mtoni:
Mpemba umeligusa lenyewe, na jawabu ya suala la mwanangu imo humohumo.

Watu wawili mbalimbali imewahi kutokea China. Deng Xiaoping, aliyekuwa mkubwa wao miaka ya themanini, hajawahi kuwa Rais, hajawahi kuwa Waziri Mkuu, wala Katibu Mkuu wa chama wa namna hii ya sasa. Cheo alichokishika kwa mikono miwili ni uwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, 1981 mpaka 1989. Mkutano mkuu wa 1987 alitoka hata kwenye Kamati ya Kudumu, na ili abaki na jeshi ikabidi katiba ya chama ibadilishwe, maana ilikuwa inataka mwenyekiti wa Tume atoke ndani ya Kamati ya Kudumu.

Halafu ikaja 1989. Wanafunzi wanaoandamana wamejaa uwanja wa Tiananmen, Beijing, Katibu Mkuu Zhao Ziyang hataki jeshi litumike. Na huyu Zhao alikuwa pia makamo mwenyekiti wa kwanza wa Tume. 16 Mei akamwambia Gorbachev, kiongozi wa Urusi ya Kisoveti aliyekuwa mgeni wao Beijing, kwamba chama kilishaamua toka 1987 mambo mazito mwisho wake ni kwa Deng. 20 Mei sheria ya kijeshi ikatangazwa, aliyesaini ni Waziri Mkuu Li Peng, aliyeamua ni Deng. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Juni vikosi vikaingia kwa risasi, na watu wengi wakafa. Zhao kavuliwa vyeo vyote mwezi huohuo na akaishi kizuizini nyumbani kwake mpaka kufa kwake 2005. Mkuu wa Jeshi la 38, jenerali Xu Qinxian, alikataa kuongoza vikosi vyake kuingia mjini. Kashitakiwa mahkama ya kijeshi, kafungwa miaka 5, kafukuzwa chama.

Kwa hiyo mwanangu, wawili wakigombana anashinda mwenye Tume. Na wao wenyewe waliliona, ndo maana waliokuja baadae walijaribu kukusanya. Jiang Zemin kapewa chama Juni 1989, kapewa jeshi Novemba mwaka huohuo, urais kaupata Machi 1993. Alipotoka, chama kamwachia Hu Jintao 2002, urais 2003, lakini Tume ya chama kaing'ang'ania mpaka Septemba 2004, na muda wote huo Hu alikuwa Katibu Mkuu mwenye mwenyekiti juu ya jeshi lake. Hu yeye alipoondoka hakubakisha kitu. Xi kapokea chama na jeshi siku moja, 15 Novemba 2012, na urais ukamfuata Machi 2013.

mtoto_wa_machomane:
Basi Maalim, hapo jamaa yangu wa "rais ndo mkubwa" hana pa kutokea. Nishazinakili tarehe zote, nawasomea baada ya Isha.