Ukurasa wa Tano wa Fomu ya Mama

Dada Mkubwa: Shikamooni. Mama ameombwa ajiunge na utafiti wa dawa ya shinikizo la damu, naye anaona haya kumkatalia daktari anayemtibu. Nimepiga picha ukurasa wa tano wa fomu ya ridhaa. Tafadhali usomeni kabla hajatia saini.

Baba Mdogo: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma mara mbili. Penye swali la kuhifadhi damu kwa tafiti za baadaye, kisanduku cha “Ndiyo” kimekwisha kutiwa alama kwa kalamu. Shemeji, ni wewe uliyeitia?

Mama: Siyo mimi, shemeji. Nimeikuta.

Baba Mdogo: Basi irudishe na uombe fomu nyingine tupu. Hilo limeniuma, kwa sababu ridhaa ni yako na hapana awezaye kukutolea ilhali una akili zako timamu. Kukubali kumeza dawa ni jambo moja, na kukubali damu yako iwekwe kwa miaka mingi ni jambo jingine kabisa. Henrietta Lacks wa Marekani alichukuliwa seli za uvimbe wake mwaka 1951 bila kuulizwa. Alifariki mwaka huohuo, na jamaa zake walikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua kwamba seli hizo zinaendelea kukuzwa maabara.

Kaka: Je, akikataa hatanyimwa matibabu yake ya kawaida? Dada, wewe ndiwe muuguzi wetu.

Dada Mdogo: Haruhusiwi kunyimwa. Tamko la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linasema kwamba mgonjwa akikataa kushiriki, au akijitoa baadaye, uhusiano wake na daktari usiathirike. Tena, Mama, hiyo haya yako imefikiriwa humo: mgonjwa anapomtegemea daktari, ridhaa inapaswa kuombwa na mtu mwingine mwenye sifa, asiyehusika na utegemezi huo. Hata ukisaini, unaweza kujitoa siku yoyote. Uliza pia ukidhurika nani atakutibu na kukufidia, na kama kuna kundi litakalopewa dawa tupu, yaani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani.

Mama: Sikujua kwamba naweza kuulizwa na mtu mwingine. Dawa niko tayari kuijaribu, nikishajibiwa hayo, lakini damu yangu sitaki ihifadhiwe. Alhamisi nitawaeleza hivyo, na nakala ya fomu nitarudi nayo nyumbani.

Dada Mkubwa: Tutakwenda pamoja, Mama. Nitakuchukulia miwani yako.