Alama ya > kwenye skripti imetupotezea siku 11 za mizani hapa Mwaloni

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe.

Nafanya kazi kwenye ghala la dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Gunia likishuka kutoka visiwani linapimwa, uzito unaingia kwenye kompyuta ya mizani, na usiku skripti ya bash (faili la amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe) iliyo kwenye kompyuta ya ofisi inavuta kumbukumbu na kuziweka kwenye diski ya nje. Aliiandika fundi tuliyemlipa. Tangu wiki ya kwanza inatuma meseji ileile kila usiku: BAKAPU IMEFELI. Tukimpigia anasema, "Ipuuzieni, data ipo." Tukiangalia, kweli ipo. Tukazoea.

Juzi kompyuta ya mizani ikaungua. Kufungua diski ya nje, kumbe ilijaa siku 11 nyuma! Mama mmoja wa Ukerewe kasimama mbele yangu na daftari lake, anadai magunia 14, mimi sina cha kumwonyesha.

Nikaifungua skripti mwenyewe. Mstari unaoamua kama meseji ya kufeli itumwe uko hivi:

if [ $? > 0 ]; then

Kila amri ikimaliza inaacha namba kwenye $?. 0 maana yake imefanikiwa, 1 hadi 255 kuna tatizo. Fundi kaandika > akidhani ni "kubwa kuliko". Ndani ya [ ] alama hiyo ni ileile ya kumwagia matokeo kwenye faili! Bash inatengeneza faili linaloitwa 0, kinachobaki ni [ $? ], na hiyo ni kweli siku zote kwa sababu ndani kuna kitu, kwa hiyo meseji ya kufeli inatumwa hata bakapu ikifanikiwa. Faili lenyewe nimelikuta kwenye folda: jina 0, baiti 0, muda wake wa jana usiku. Limekaa pale miezi yote hiyo.

Namba zinalinganishwa kwa -gt (kubwa kuliko), -ne (si sawa), -eq (sawa). Na hata angeandika -gt asingepona, maana kati ya rsync (amri inayonakili data) na if kapachika echo ya logi (amri ya kuandika ujumbe tu), kwa hiyo $? ni ya echo, ambayo karibu siku zote inafanikiwa. Hapo tungeambiwa kila usiku kwamba mambo ni shwari. Alitakiwa aandike if ! rsync moja kwa moja, au aweke hali=$? mstari unaofuata papo hapo.

Angechomoa diski mara moja tu aone kama meseji inabadilika! Dakika mbili.

Nimempigia, anasema ni "kosa dogo la alama". Mkataba haugusi hasara. Aliyewahi kumdai fundi wa hivi anielekeze nianzie wapi, yule mama anarudi kesho asubuhi.