Watoto wenye kipaji cha lugha wanamaliza kazi mapema, niwape nini?

Chaki Nyeupe:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili darasa la sita, shule ya serikali, watoto wamezidi 80. Wamo wanne watano hivi ambao lugha iko kwenye damu. Nikitoa zoezi la methali, wenzao hawajaandika hata tarehe, wao wameshamaliza. Kinachofuata ni soga. Nikiwaongezea maswali wananuna, na kweli ni yale yale. Vitabu vya ziada hakuna. Mnafanyaje? Nawasilisha.

Ticha Mstaafu:
Wagawie madaftari ya wenzao wasahihishe. Utapumua.

Mama Insha:
Shikamoo mzee wangu, ila hapo nakupinga. Atapumua mwalimu, mtoto hajifunzi kitu. Hawa hawataki kazi nyingi, wanataka kazi inayowabana. Chaki, andika ubaoni:

Kengele imeshalia, twendeni sote kucheza,
Walimu wametulia, jua nalo lapendeza.

Wakamilishe ubeti: mizani nane kwa nane, kina cha kati -lia, cha mwisho -za. Utawaona wanahesabu kwa vidole. Mwenye msamiati mwingi ndiye anayehangaika zaidi, maana neno alilolipenda linazidisha mizani moja na inabidi alitupe.

Kibwagizo:
Naunga mkono. Kingine ni vitendawili, ila vya kutunga. Kuku aliyetagia mibani kila mtoto anajua ni nanasi. Achague kitu kilichomo darasani. Wangu mmoja alitega: "Nakula maandishi, nashiba vumbi." Darasa zima likashindwa, wakampa mji. Kumbe dasta! Hapo hata wale wasiopenda kuandika wanaingia mchezoni.

Chaki Nyeupe:
Hiyo ya dasta nimeipenda. Sasa yupo mmoja anaongea kama wakili, daftari tupu. Huyo je?

Mama Insha:
Mdahalo. Mpe upande asioutaka, na kabla hajasimama akuletee hoja tatu kwenye karatasi, sentensi moja moja. Hana karatasi, hasimami. Wa kwangu alinuna, akaziandika wakati wa mapumziko.

Ticha Mstaafu:
Marahaba binti. Madaftari nimeyaacha, nimeujaribu ubeti wako. Nikague:

Na mimi nakimbilia, mpira ninauweza,
Kipa ataangalia, bao nitalipenyeza.