Mbwa tuliyerudi naye Tabora anakojoa ndani, naombeni msaada

Kutoka: Isevya, Tabora

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Wengine mtanikumbuka, mimi ndiye yule dada wa Ujerumani niliyekuwa nikiwasumbua na maswali ya vibali vya kumleta mbwa. Tulifika salama mwezi wa nane, mimi, mume wangu, mtoto na mbwa mwenyewe. Kwa sasa tuko Isevya kwa mama yangu mpaka nyumba yetu ya Ipuli iezekwe.

Shida yangu ni huyo mbwa. Ni dume, ana miaka 6, alihasiwa angali mdogo. Kule Leipzig tulikaa ghorofa ya tatu, na tangu alipofikisha miezi 5 hakuwahi kuchafua ndani. Hapa, kuanzia wiki ya pili, anakojoa kwenye zulia la sebuleni karibu kila siku, na mara mbili tatu kwa wiki nakuta kinyesi nyuma ya kochi alfajiri. Wala si kwamba tumemfungia. Mlango wa uani uko wazi kutwa, na uwanja wenyewe ni mkubwa kuliko nyumba yote tuliyokuwa tumepanga kule. Anatoka, anasimama barazani, ananusa, anarudi. Hazipiti dakika tano nasikia mwanangu anaita, "Mama, tayari."

Kinachoniumiza zaidi ni mama. Mama ni mtu wa swala tano, na sasa magoti yanamsumbua, anaswali kwenye kiti, na kiti hicho hakienei vizuri popote ila sebuleni. Juzi alfajiri alikanyaga majimaji gizani, udhu anao tayari. Hakusema neno baya. Alirudi bafuni akaoga, akatawadha upya, akaja kuswali jua limekaribia kuchomoza. Tangu siku hiyo anaswalia chumbani, kiti kimebanwa kati ya kitanda na kabati.

Ndugu wanasema mbwa afungwe mnyororo chini ya mwembe, au apewe mtu wa shamba. Mwanangu ana miaka 9, hajapata rafiki bado, na mbwa huyo ndiye pekee anayezungumza naye Kijerumani siku nzima. Sijui nishike lipi. Nimechoka, na kwa mama naona haya.

Kutoka: Minneapolis

Pole sana dada. Mimi nimekulia Urambo, na kwetu mbwa alikuwa wa nje, basi. Ukimkuta amekojoa, mshike, msogeze pua pale pale, mchape kidogo, mtoe. Siku tatu nne atakuwa ameelewa. Usiku alale nje alinde nyumba. Mama ndiye wa kwanza, mbwa baadaye.

Kutoka: Mwanga, Kigoma

Mwangaluka dada, na pole. Mimi ni Muha, lakini nimesoma Tabora, salamu yenu sijaisahau. Huu ni mwaka wa nne tangu nirudi Kigoma baada ya miaka 14 Uingereza, na mimi pia nilirudi na mbwa, kwa hiyo hili ulilonalo nalijua.

Kaka wa Minneapolis, kwamba mama ni wa kwanza tuko pamoja. Ila hilo la kumsugua pua namwomba dada asilifanye. Mbwa huunganisha adhabu na kitu anachokifanya wakati uleule. Mkojo ukishapoa, fundisho analolipata ni kwamba wewe na mkojo mkikutana mahali pamoja, yeye anaumia. Hapo ataacha kukojoa mbele yako, hata ukiwa naye nje, na ataanza kutafuta mahali pa kujificha. Dada, hicho kinyesi cha nyuma ya kochi kinanifanya nikuulize: kuna mtu hapo nyumbani ameshampiga? Sikulaumu. Mimi wangu nilimpiga.

Alikuwa jike, miaka 11, alishaondolewa kizazi zamani. Tulipohamia hapa nikawa kila asubuhi nakuta kitandiko chake kimelowa. Nikasema huyu ananikomoa kwa sababu nimemtoa kwake. Wiki nzima nilikuwa namchapa na kandambili. Mchana mmoja nimekaa barazani nachambua dagaa, yeye amelala miguuni pangu usingizi mzito, makucha yanacheza kama anakimbia ndotoni. Nikaona michirizi ya maji inatoka chini ya paja lake, inafuata ufa wa sakafu mpaka kwenye kidole changu cha mguu. Macho ameyafumba kabisa. Alipozinduka akanusa pale chini, na kabla hajanitazama usoni, akatazama kandambili yangu.

Sikumwinulia mkono tena mpaka alipokufa. Mbwa jike aliyeondolewa kizazi, umri ukienda, msuli unaofunga njia ya mkojo unaweza kulegea, ukamvuja akiwa amelala. Ni ugonjwa, una dawa, na hauhusiani na tabia. Dalili yake ndiyo hiyo: alama iko pale alipolala, na mwenyewe hana habari.

Wako ni dume na hukusema kitandiko kinalowa, kwa hiyo si hilo. Lakini nakusihi uanzie kwa daktari wa mifugo kabla ya jambo lingine lolote. Mwangalie kama anakojoa kidogo kidogo mara nyingi, kama mkojo una damu, kama anakunywa maji kupita kawaida yake. Njia ya mkojo ikiwa na maambukizi, au mbwa akiwa na kisukari au figo zikichoka, hawezi kujizuia hata umfundishe vipi. Kinyesi nacho kipimwe, maana minyoo humfanya ashindwe kusubiri kukuche, na minyoo ya mbwa haifai kabisa penye mtoto. Kuna kupe pia, mbwa aliyekulia ghorofani Ulaya hajazoea homa za kupe wa kwetu. Hapo Tabora mna bahati, Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo mjini kwenu. Madaktari wetu wengi siku yao ni ng'ombe na mbuzi, hivyo usingoje waulize. Mwambie mwenyewe: ameanza lini, wapi, mara ngapi, saa ngapi. Mkojo wa kupima uchukue alfajiri kwa kifuniko safi cha bakuli, unakipenyeza polepole kwa chini akishaanza, usikurupuke asije akakatiza. Umimine kwenye kichupa safi na uufikishe asubuhi hiyohiyo. Na chanjo ya kichaa cha mbwa usiiache ipitilize kwa kuwa sasa mko nyumbani.

Sasa nikwambie ninavyofikiri, kwa jinsi ulivyoeleza. Nadhani mbwa wako hajui choo kiko wapi.

Kule Leipzig, choo chake kilikuwa nini? Mkanda unavalishwa, ngazi zinashukwa, barabara inavukwa, nyasi zinakanyagwa, na mtu wake amesimama pembeni anangoja. Mara tatu nne kwa siku, miaka yote. Hapa mmemfungulia mlango mkamwambia nenda. Kwake yeye uwanja wa mama ni ndani bado, hajavuka chochote. Na mbwa huchagua mahali kwa miguu na kwa pua. Akiwa mtoto alijifunza kukojoa juu ya nyasi, na anapokuta harufu ya mkojo wake wa jana anajua hapa ndipo. Sasa jiulize, uwanja wenu nani anaufagia, na saa ngapi? Najua jibu. Kabla jua halijatoka ufagio wa chelewa umeshapita, mistari inaonekana kwenye mchanga, hakuna hata jani la mwembe. Nyasi hazipo, na harufu yake, kama aliwahi kuiacha, inafagiliwa kila siku. Ndani ya nyumba, kitu kinachofanana na nyasi chini ya miguu yake ni zulia la mama. Na pale harufu ipo.

Mtafutieni kona moja ya uwanja, mbali na jiko na mahali pa maji. Mwambieni binti anayefagia asiiguse. Mwageni majani mabichi yaliyokatwa, na tambara mlilofutia mkojo liwekeni pale siku mbili tatu. Halafu umpeleke wewe mwenyewe, na mkanda shingoni kama Leipzig, hata kama ni hatua ishirini tu. Akiamka, akishakula, akishacheza, kabla ya kulala, na alfajiri kabla mama hajaamka. Simama kimya, usimpigie simu mtu. Akikojoa msifu palepale na umpe dagaa mmoja palepale, kwa sababu ukimpa mkisharudi barazani atadhani anasifiwa kwa kurudi. Dakika kumi zikipita bila kitu, rudi naye lakini usimwachie sebuleni. Mfunge mkanda kiunoni pako uendelee na kazi zako, baada ya robo saa mtoke tena. Chakula kiwe na saa zake, sahani isikae chini kutwa, maana kikiingia kwa saa kitatoka kwa saa.

Usiku usimfunge nje sasa hivi. Mbwa wa mtaa wakimbwekea kwenye uzio, atazidi kupaogopa huko nje.

Zulia litoeni sebuleni kabisa kwa mwezi mmoja. Mkojo mbichi ukandamize kwa kitambaa kikavu, usisugue. Kisha sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzymes) kwenye maji ya uvuguvugu, iache kidogo, suuza, anika juani mpaka kukauke chini kabisa. Na hili nalisema kwa herufi nzito kama ningeweza: usimwagie jiki juu ya mkojo, wala usichanganye jiki na siki. Hewa inayotoka hapo inaunguza mapafu, na nyumbani una mtoto na mtu mzima.

Kutoka: Maskati

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimezeekea huku. Binti yangu, mpe mama salamu zangu na umfikishie haya, huenda yakampunguzia tabu. Kukanyaga najisi hakutengui udhu. Angeosha mguu tu akaendelea. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, najisi ya mbwa ni nzito, huoshwa mara 7, na mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Hivyo zulia hilo, baada ya sabuni ya dada wa Kigoma, lipitisheni kwenye utaratibu huo, na sakafu pia. Tena kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, kwa hiyo mbwa mkavu akipita barazani kukavu hakuna kilichoharibika. Kwa ziada mwendeeni imamu wa msikiti wenu.

Na chumba anachoswalia mama kiwe na kizuizi mbwa asichoweza kuvuka. Ubao wenye mlango mdogo wa kusukuma, mama apite mwenyewe bila kuumiza magoti. Fundi seremala atautengeneza kwa siku moja. Usimwambie mama avumilie, mtengenezee mahali pake.

Kutoka: Isevya, Tabora

Ndugu zangu, ni wiki ya nne leo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nije na habari kamili.

Mkojo ulikuwa safi. Kinyesi kilikuwa na minyoo, amepewa dawa na atarudia. Daktari alimpapasa masikioni akatoa kupe wawili mbele yangu, na mimi nilikuwa naapa hana hata mmoja. Dada wa Mwanga, ulipouliza kama kuna mtu amempiga, niliuliza nyumbani. Alikuwa ni mpwa wangu, kwa fimbo ya mpera, mara kadhaa, sisi tukiwa sokoni. Nilizungumza naye polepole, naye akalia.

Kona ilikuwa nyuma ya mwembe. Siku mbili za kwanza hakufanya kitu, mimi nimesimama na mkanda, majirani wanatutazama juu ya uzio. Siku ya tatu alfajiri alinusa lile tambara, akazunguka mara mbili, akakojoa mpaka nikaogopa kumsifu asije akakatiza. Tangu hapo amechafua ndani mara tatu tu, na mara mbili kati ya hizo ni siku mvua ya kwanza ilipopiga mabati na radi juu. Alijikunja chini ya meza, hakuna wa kumtoa. Sasa mawingu yakianza kukusanyika upande wa stesheni, mwanangu anashika mwavuli na kumpeleka mapema.

Zulia lilioshwa mara saba, na maji ya udongo aliyamwaga mama mwenyewe. Kiti chake kimerudi sebuleni, nyuma ya ubao. Jana binti alishika ufagio akaelekea mwembeni, nikasikia sauti ya mama kutoka dirishani: "Hapo pa mbwa acha."

Swali la mwisho. Ipuli tunahamia mwezi wa kwanza, na uwanja wa kule ni kokoto tupu. Nianze upya?

Kutoka: Mwanga, Kigoma

Hapana, mama. Siku ya kuhama chota udongo wa hiyo kona, debe moja linatosha, umwage Ipuli kabla mbwa hajashuka kwenye gari. Kisha mvalishe mkanda na umpeleke hapo kwanza, kabla hajauona mlango wa nyumba.