Nathan Appleton: alitetea ushuru, au alitetea kiwanda chake?

Karani: Appleton, mfanyabiashara wa Boston, alikuwa na hisa katika kiwanda cha nguo cha Waltham tangu mwanzo, kisha viwanda vya Lowell. Uchaguzi wa 1830 akamwangusha Henry Lee, mtetezi wa biashara huria, akaingia Baraza la Wawakilishi la Marekani kutetea ushuru wa nguo za nje. Mgongano wa maslahi, au siyo?

Shuka Nne: Mgongano gani! Lee naye alikuwa mfanyabiashara wa bidhaa za Calcutta, kwa hiyo biashara huria yake ilikuwa na mfuko wake. Ushuru wa 1816 ulikuwa asilimia 25 tu. Na Appleton hakuwa mroho: kwa kiwanda cha Waltham aliombwa mtaji wa dola 10,000, akatoa 5,000. Isitoshe ndiye aliyetuletea merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, ile nguo ya kuvika watumwa.

Mpima Doti: Asilimia 25 "tu"? Umeruka kima cha chini. Kila yadi ya mraba ilihesabiwa kana kwamba bei yake ni angalau senti 25. Kitambaa cha India cha senti 9 kikatozwa senti 6 na robo, karibu asilimia 70. Na aliyekwenda Washington kushawishi mwaka huo ni Francis Cabot Lowell, mwanzilishi wa kiwanda cha Waltham. Appleton hakuwa bado mbunge wa taifa.

Bibi Kaniki: Nani kasema nguo ya watumwa? Merikani ilikuwa fedha ya njia ya bara! Hongo (malipo ya kupita kwa machifu), posho ya wapagazi, chakula, vyote vililipwa kwa shuka na doti. Na walioileta ni mabaharia wa Salem, bandari ya Massachusetts, waliokuwa wakitia nanga Unguja hata kabla ya mkataba wa 1833 wa Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, na Seyyid Said. Usimpe mtu wa Boston sifa za watu wa Salem.

Shuka Nne: Haya bibi, fedha. Jora la yadi 30 lilitoa doti nane.

Mpima Doti: Gawanya tena. Shuka ni mikono minne, yaani yadi mbili. Doti ni yadi nne. Thelathini kwa nne ni saba na nusu. Nane inatoka ukipimia mkono mfupi, kwa sababu mkono ni kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na viwiko havilingani. Ndiyo maana ugomvi ulianza kabla jora halijafunguliwa.

Karani: Jamani, Appleton! Mwaka 1848 Charles Sumner, mwanasiasa wa Massachusetts aliyepinga utumwa, aliwashutumu wenye viwanda kuungana na wenye mashamba ya pamba ya watumwa. Appleton akamwandikia kudai ushahidi.

Shuka Nne: Pamba ingetoka wapi, Karani? Mbinguni? Shuka ile ile iliuzwa senti 30 kwa yadi mwaka 1816, na 6 na nusu mwaka 1843. Huyo ndiye mla watu?

Bibi Kaniki: Bei ilishushwa na kitanda cha kufumia cha mashine na pamba kuwa rahisi, usiupe ushuru kazi ya Paul Moody, fundi aliyeunda mashine zenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861, vilipokata pamba, merikani ikaadimika Unguja.

Shuka Nne: Moody sawa. Ila jora bado ni doti nane, maana upana nao unahesabiwa.

Mpima Doti: Upana hauongezi urefu, ndugu yangu. Ya Waltham ilikuwa inchi 37. Ya jora lako utaje mwenyewe.