Tupeane uzoefu: uliachana vipi na mikopo ya kausha damu?

#1
Wakuu, jana mtaani kwetu Tandale jirani kabebewa friji. Alfajiri, vijana watatu na kirikuu, watoto wamesimama mlangoni na sare za shule. Ndani kulikuwa na barafu za ubuyu anazouza. Wamemmwagia kwenye ndoo wakaondoka. Alikopa laki tatu za kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba kubwa, marejesho 13,000 kila siku kwa siku 30. Pigeni hesabu wenyewe. Kakwama siku ya 19. Aliyewahi kutoka huko aseme alitokaje, maana mke wangu naye kaanza kuulizia fomu.

#2
Pole yake. Mimi nauza chapati Mbagala, nilipita huko huko. Kilichonitoa ni kikundi cha hisa. Tuko 28, tunakutana Jumamosi kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku la bati lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Hisa moja 2,000, mwisho tano kwa kikao. Unakopa hadi mara tatu ya hisa zako, riba asilimia 10 kwa miezi mitatu. Sasa sikia: riba niliyolipa mwezi wa tatu, Desemba tulipovunja sanduku tuligawana, na mimi nikapata fungu langu. Ile ya kausha damu nani anaila? Hata mwenye ofisi simjui.

#3
Msimdanganye mwenzenu. Kwetu mweka hazina alihama usiku na 1,400,000. Tulikuwa tumehamishia hela kwenye laini yake, eti usalama.

#2
Ndo maana ya kufuli tatu, mkuu. Na kabla ya kufunga tunahesabu kwa sauti, kila mtu anaondoka na salio kichwani. Kikao kijacho anaulizwa yeyote, akikosea faini 500. Wanawake wa Maradi, Niger, walianza hivi mwaka 1991, na wengi wao hawakujua kusoma.

#4
Huku Mombasa, mtaa wa Bangladesh, mwaka 2013 watu walitoa noti zao, Bangla-Pesa. Muuza mboga ananunua maji kwa noti hiyo, muuza maji ananyolewa nayo, shilingi anaiweka ya kodi ya nyumba. Kuna waliokamatwa, kesi ikafutwa, na baadaye wazo likahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu. Ila bila wafanyabiashara kukubali kupokeana, ile ni karatasi tu.

#1
Nimemsomea mke wangu yote. Kauliza kimoja: kikundi kinakopesha siku ya kwanza?

#2
Hapana. Kwetu mpaka uhudhurie vikao 12.

#1
Basi ndo hapo. Wale wa kausha damu wanatoa hela ndani ya saa moja, na jirani barafu zimeshayeyuka.

#2
Mlete Jumamosi hivyo hivyo. Friji lake hatulirudishi, ila dada mmoja kwenye kikundi ana la kwake, nusu tupu.