Igarka, bandari ya mto Yenisei: ina historia gani, na kuna nini cha kutazama?

Mkaazi wa Wete:
Assalaam alaykum. Katika kuufuata mto Yenisei kwenye ramani ya Siberia nimeukuta, kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, mji wa Igarka, unaotajwa kuwa ni bandari ilhali bahari iko mbali nao kwa mamia ya kilomita. Naomba wajuzi wanieleze ilikuwa bandari ya nini, na mgeni akifika leo ataona nini.

Maalim wa Mkunazini:
Waalaykum salaam. Ilikuwa bandari ya mbao. Yenisei una kina kinachotosha meli za baharini kuupanda hadi hapo, na kwa sababu hiyo serikali ya Kisovieti iliuanzisha mji huo mwaka 1929, ili magogo yaliyokatwa juu ya mto yaelee na mkondo, yapasuliwe Igarka, kisha yasafirishwe ng'ambo katika miezi michache isiyo na barafu. Wengi wa waliojenga hawakwenda kwa hiari yao. Walikuwa wakulima walionyang'anywa mali na kuhamishwa kwa nguvu. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 biashara ile ilififia na watu wakahama, jambo ambalo sisi wa karafuu hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Cha kutazama kwanza ni makumbusho ya ardhi iliyoganda, yaliyofunguliwa mwaka 1965, ambamo mgeni hushuka ngazi hadi kwenye vyumba vilivyochimbwa ndani ya udongo usioyeyuka. Mwaka 1950, kabla vyumba hivyo havijafanywa makumbusho, yalihifadhiwa humo magazeti ya miaka ya vita, yafunguliwe mwaka 2045.

Bint Shangani:
Naongeza reli. Kati ya 1949 na 1953 wafungwa walilazimishwa kujenga njia kutoka Salekhard hadi Igarka. Stalin alipofariki kazi ikasimamishwa, na vyuma vyake vimebaki vikiota kutu msituni. Nenda kiangazi, kwa meli ya abiria inayoteremka kutoka Krasnoyarsk.

Mkaazi wa Wete:
Ahsanteni. Na nyumba hazididimii?

Maalim wa Mkunazini:
Hudidimia, iwapo joto la ndani litaifikia ardhi na kuiyeyusha. Ndiyo maana majengo makubwa husimamishwa juu ya nguzo zilizozamishwa ndani ya ule mgando, na chini ya sakafu huachwa uwazi ili upepo wa baridi upite.